Wema wa Amri

Msomaji, nampenda mtawala mmoja aliyekufa zamani, na mapenzi hayo hayanizuii kumhukumu. Yeye ni Joseph wa Pili, kaisari aliyeketi Vienna katika karne ya 18, zama ambazo watawala kadhaa wa Ulaya, kama Frederick wa Prussia na Catherine wa Urusi, walijitangaza kuwa wanafunzi wa akili. Katika hao wote, sidhani yuko aliyeiamini akili kuliko Joseph.

Alianza kutawala pamoja na mama yake, Maria Theresa, mwaka 1765. Mama alipofariki mwaka 1780, akabaki peke yake. Tazama aliyoyatenda. Mwaka 1781 aliwaruhusu Waprotestanti na Waorthodoksi kuabudu kwa namna yao katika nchi ya Kikatoliki. Mwaka uliofuata akawapunguzia Wayahudi wa Vienna vikwazo vingi. Mwaka huohuo wa 1781 aliwafungua wakulima wa Bohemia, ambao hawakuweza kuoa wala kuhama bila ya idhini ya bwana wa ardhi. Mwaka 1784 alifungua hospitali kubwa katika mji wake. Nani asiyetamani mtawala wa namna hii?

Walakini wema wake ulikuwa na ila moja: haukuuliza. Amri zilimtoka kwa maelfu. Mwaka 1784 aliagiza kuwa kazi za serikali katika Hungaria zifanywe kwa Kijerumani badala ya Kilatini. Kilatini hakikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote kule, lakini kwa mazoea ya karne nyingi kilikuwa chao, na Kijerumani kilikuwa cha kaisari. Mwaka huohuo aliamuru maiti wazikwe ndani ya magunia, na jeneza moja lenye mlango chini litumike kwa wengi, mbao zisipotee bure. Katika hesabu ya mbao alipata. Katika hesabu ya machozi alikosa, maana mfiwa hahesabu mbao. Watu walinung'unika hata akaiondoa amri hiyo mwaka 1785.

Manung'uniko mengine hayakuisha upesi hivyo. Mwaka 1789 nchi ambayo leo ni Ubelgiji iliasi, na Hungaria ikawa karibu kuasi. Januari 1790, akiwa mgonjwa sana, Joseph alizifuta amri zake nyingi za Hungaria. Februari 20 alifariki, umri wake miaka 48.

Lakini mambo mawili hakuyafuta: uhuru wa wakulima na ruhusa ya kuabudu. Nami huona kuwa hapa ndipo penye fundisho. Amri hizi mbili zilimtua mtu mzigo. Zile nyingine zilimtwika mzigo mpya, kisha zikamtaka ashukuru. Anayefungua kamba hahitaji maneno mengi. Anayetaka kubadili lugha ya watu au maziko yao hana budi kubisha hodi kwanza, hata kama amebeba zawadi.

Ewe kijana, huenda siku moja ukakabidhiwa darasa, nyumba, ofisi au nchi. Usione haya kuwatakia watu mema kama Joseph alivyowatakia. Ila kabla ya kuandika amri, keti nao, uwasikilize. Wema ni chakula kizuri, lakini hakuna anayependa kulishwa kwa nguvu.