Barua iliyotukosesha usingizi



Wengi mnatujua tangu Bukavu. Sasa tuko Phoenix, Marekani. Binti yetu wa kwanza alipopata nafasi katika chuo kikuu cha serikali huku, ilifuata barua ya pili: anaalikwa kuingia programu ya wanafunzi bora. Tulipiga vigelegele. Tulidhani ni burse.

Kumbe siyo. Wala siyo kama distinction ya kwetu, ambayo mtu anaipata mwisho wa mwaka akifaulu sana. Hii unaingia mwanzoni, na hapo ndipo kazi inaanza: madarasa madogo ya kujadiliana, kazi ya utafiti ya kuandika kabla ya kumaliza, na alama zikishuka chini ya kiwango, unatoka. Kisha kuna malipo ya kuongeza, na mwaka wa kwanza kulala katika bweni lao.

Bweni! Binti huyu ndiye analaza wadogo zake tukiwa kazi ya usiku. Mshahara wake wa Jumamosi unasaidia kodi ya nyumba. Papa akasema aingie, jina la familia lipande. Mama akasema hapana, watoto watabaki na nani? Tulibishana siku tatu, yeye anaosha vyombo tu.

Siku ya nne akatuuliza: "Mama, Papa, mnabishana juu yangu, ama juu ya yale mtakayowaambia watu wa Bukavu?"

Tulinyamaza. Hatukuwa tumemuuliza anataka nini. Akasema anataka kuingia. Katika jumba la watu mia tatu anaogopa kunyoosha mkono kwa Kiingereza chake. Mbele ya watu ishirini atasema.

Akaenda ofisini mwenyewe, maswali yake kwenye karatasi. Bweni? Anayeishi na wazazi karibu anaweza kuomba ruhusa. Malipo? Sehemu italipwa na msaada wa masomo. Akishindwa? Anatoka katika programu, lakini anaendelea na chuo.

Ameingia. Jumamosi anasoma, Mama amebadilisha zamu, na nyama tumepunguza.

Wamama, nafasi ya namna hii ikimfikia mtoto wenu, hata kama ni shule ya mji mwingine, muulizeni yeye kwanza, kabla ya kupigia jamaa simu. Kisha hesabuni pamoja naye: feza, usiku, na nani atabaki na wadogo.