Kiti cha Jaji

Serikali isiyopigiwa kura humhitaji jaji kuliko nyingine zote, na humwogopa vile vile. Visiwani Fiji, tarehe 9 Aprili 2009, majaji watatu wa Mahakama ya Rufani walitamka kuwa serikali ya muda ya Bainimarama, iliyozaliwa na mapinduzi ya 2006, haikuundwa kwa mujibu wa sheria. (Muda huo, ajabu, ulifika hata uchaguzi wa 2014.) Kesho yake Rais Iloilo alifuta katiba akawaondoa majaji wote. Jumuiya ya Madola ililalamika; Septemba ikasimamisha kabisa uanachama wa Fiji. Zito zaidi halikuonekana mbali: mahakama zilipofunguliwa tena, amri iliwakataza majaji kusikiliza shauri lolote la kupinga kufutwa kwa katiba ile.