Joho la Binti Yetu

Ndugu zetu Waislamu, leo twapenda kusimulia kosa letu wenyewe, kwani mwalimu ahimizaye watoto kusema kweli haifai aifiche yake.

Mwaka 2014 mdogo wetu, mvuvi wa Msimbati, alitujia kutaka shauri. Binti yake alikuwa amehitimu Kurani chuoni kwetu na kumaliza darasa la saba. Tukamwambia, "Amekwisha jua kusoma Kitabu cha Mola wake, yatosha, mwoze." Akatutazama, akasema, "Kaka, wewe ndiwe uliyemfundisha kusoma. Vipi wataka nimzuie?" Akauza mashua yake, binti akaenda sekondari. Baadaye mdogo wetu alifariki, na mjane wake akaendelea kulipa ada kwa pweza na korosho.

Mwaka 2024 ikaja habari kuwa binti amepata shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Waislamu, Morogoro. Jamaa wakakutana baada ya Isha. Huyu ataka sare za vitenge, yule ataka ukumbi na chakula cha watu mia. Kila mmoja akaandikiwa mchango. Tukauliza, "Na mama mtu, ana nauli?" Hakuna aliyelifikiri hilo. Mwenyewe alikuwa amekwisha kukopa ili alipe mchango. Tukaomba orodha ile ichanwe, na fedha zilizopatikana ziwe nauli.

Tulisafiri watu watatu: sisi, ahali yetu na shemeji yetu. Basi lilitoka Mtwara alfajiri. Tulipofika mto Rufiji tukavuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Zamani palikuwa na kivuko, na masika njia ile ilikuwa haipitiki. Tukawaza kuwa barabara ya Kusini imefunguka mapema kuliko moyo wetu. Tukalala Dar es Salaam kwa jamaa, na kesho yake tukafika Morogoro.

Chuo kile kilianza mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa ya Shirika la Umeme. Mabinti walipita wamevaa majoho juu ya mavazi yao ya stara. Shemeji akatunong'oneza, "Mwalimu, joho si vazi la bwana harusi?" Machozi yakamzuia kuendelea.

Baada ya mahafali binti alitubusu mkono akasema, "Baba mkubwa, ahsante. Marehemu baba alikuwa akiniambia kuwa wewe ndiwe uliyenifungulia mlango wa elimu." Tukanyamaza. Ndugu yetu alikuwa ametusitiri kwa mwanawe mpaka kaburini. Jioni ile tukamweleza binti yote, tukamtaka radhi. Akasema, "Nimekusamehe, Baba mkubwa. Lakini wako wasichana wengine chuoni kwako."

Jawabu hilo tumerudi nalo. Siku hizi mzazi akija kutaka shauri juu ya binti yake, twamkumbusha kuwa amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) ilikuwa kusoma, wala haikubagua mwana wa kiume na wa kike. Kisha twamwuliza ada imepunguka kiasi gani.

Mwenyezi Mungu amrehemu ndugu yetu, nasi atusamehe. Amin.