Hedifoni za Milioni Saba Zilinionyesha Kwamba Yule Dada Hakuwa Kiziwi

Naandika hii nikiwa nimetoka kurudisha hedifoni ambazo bei yake ingenunua kiwanja pembezoni mwa mji. Nilikaa nazo siku saba. Mwenyewe aliniachia agizo moja tu: "Zisikilize vizuri dogo, halafu uniambie niziuze au nibaki nazo." Nikajua hii ni kazi nyepesi. Siku ya tatu nikajikuta nimekaa kitandani, nimezishika mkononi, nina aibu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nianze kazi za studio.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mwenye hedifoni ni prodyuza mmoja hapa Dar. Jina nalihifadhi, ila ukiwasha redio muda huu kuna uwezekano ukakutana na mkono wake. Mimi nilikuwa msaidizi wake pale Sinza. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha nyaya, kununua umeme wa LUKU ukikata, kufuata chipsi, na siku nyota ikiwaka nakaa kwenye kiti chake nasafisha sauti za wasanii.

Hizi hedifoni aliletewa na mshkaji wake aliyekuwa anatokea Dubai. Ni zile zilizofunikwa, yaani vikombe vyake vimezibwa kwa nyuma, sauti haivuji nje na kelele za nje haziingii kirahisi. Wakati wa kurekodi unazihitaji za hivyo, maana mwimbaji akivaa zilizo wazi, biti inatoka masikioni mwake inaingia kwenye maiki. Kampuni sitaitaja. Hawajanilipa, na kesi sizitaki. Ila ili ujue ligi tunayoiongelea, Focal Stellia za Ufaransa zilitoka mwaka 2019 kwa dola 2,999, na Dan Clark Audio Stealth za Marekani zikatoka mwaka 2021 kwa dola 3,999. Wakati huohuo Sony MDR-7506, ambazo zipo tangu mwaka 1991 na utazikuta kwenye studio kibao duniani, bei yake inacheza kwenye dola 100 hivi.

Bosi alikuwa anazipenda zile hedifoni kuliko gari. Ukizigusa bila kunawa mikono, unalo.

Sasa siku moja akaja dada mmoja, mwimbaji. Siyo maarufu, alikuwa anaimba na bendi kwenye maharusi, na hii ilikuwa ndiyo ngoma yake ya kwanza ya peke yake. Alishalipa nusu ya hela. Akaingiza sauti vizuri, mara mbili tu tukawa tumemaliza. Bosi akamvalisha zile hedifoni asikilize.

Akasikiliza kidogo, akakunja uso. "Kaka, mbona besi siisikii?"

Bosi akaongeza sauti. "Bado kaka." Akaongeza tena. "Sasa naumia masikio, lakini besi hakuna."

Bosi akacheka. Akazichukua, akavaa yeye, akatingisha kichwa, akanipa na mimi. Wadau, besi ilikuwepo mpaka meno yanatetemeka. Bosi akamwambia, "Dada, wewe imba. Masikio tuachie sisi." Mimi nikacheka kwa nguvu, si unajua tena, bosi akicheka na wewe unacheka. Haikuishia hapo. Usiku nikaandika status ya WhatsApp: "Kuna watu unawavalisha hedifoni za milioni saba na bado hawasikii besi." Nikaweka na vicheko.

Namba yangu alikuwa nayo. Aliiona. Hakusema kitu, ila hakurudi tena, na wimbo wake ukabaki kwenye diski mpaka leo.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mwezi uliopita bosi akapata safari, ndipo akaniita na kunikabidhi zile hedifoni kwa wiki nzima.

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Nikachomeka kwenye amplifaya yake, nikazima taa, nikaanza na singeli. Kwenye simu singeli inaweza kuwa kama bati linapigwa mawe. Humu kila pigo lilikuwa na mwanzo na mwisho wake, pamoja na mwendo ule wa kukimbizana hakuna pigo lililomkanyaga mwenzake. Nikahamia kwenye rumba ya Kongo. Magitaa matatu, na ningeweza kukuonyesha kwa kidole kila mmoja amekaa wapi. Nikamalizia na taarabu za bibi yangu, zile za kaseti zilizohamishiwa kwenye kompyuta. Nikasikia mpiga fidla akivuta pumzi kabla ya kuanza. Sio siri, nilikaa kimya.

Kwa sauti nazipa tisa kwa kumi. Hiyo moja naikata kwa sababu sauti za "s" na matoazi yalikuwa makali kidogo, ukisikiliza saa zima masikio yanachoka.

Siku ya pili ndoa ikaanza kuchuja. Hizi za bei kali nyingi ni nzito bana. Hizo Stellia nilizozitaja zina gramu 435, yaani unakaribia kubeba nusu kilo ya sukari kichwani. MDR-7506 zina gramu 230. Dakika 20 za kwanza huoni tofauti. Baada ya saa moja na nusu utosi unakuambia. Halafu mito yake ilikuwa ya ngozi. Ngozi inaziba vizuri, lakini hii ni Dar, umeme ulikatika saa nane mchana, feni ikasimama, na ndani ya nusu saa masikio yalikuwa yanatoka jasho kama yamekaa kwenye daladala la Mbagala. Ikabidi niwe nazivua kila baada ya muda nafuta na kitambaa, naogopa kumharibia mtu mali yake. Kuna nyingine za studio, kama Beyerdynamic DT 770 Pro za Ujerumani, mito yake ni ya kitambaa laini, na kwa joto letu hilo ni jambo la kuliangalia. Kwa raha ya kuvaa nikaandika sita.

Siku ya tatu ndiyo iliyoniumbua.

Mwaka huu nimeanza kuvaa miwani, kompyuta zimenimaliza macho. Siku mbili za kwanza nilikuwa naivua kwa sababu hedifoni zinabana mikono ya miwani inaniumiza juu ya sikio. Siku ya tatu nilitaka kuandika huku nasikiliza, ikabidi niivae. Nikawasha ileile rumba ya juzi.

Besi haipo.

Nikadhani waya umelegea. Nikachomoa, nikachomeka. Haipo. Nikahisi zimeharibika, moyo ukaenda mbio, milioni saba nazitoa wapi mimi? Nikavua miwani nizikague vizuri, nikavaa tena. Besi imerudi, nzito vilevile.

Nikavaa miwani, ikakimbia. Nikavua, ikarudi. Nikaingiza kidole chini ya mto, sehemu ndogo tu, wimbo mzima ukawa kama redio ya mkulima. Nikamwita mdogo wangu wa kike, ametoka kusuka rasta nene wiki hiyo, nikamvalisha. "Vipi besi?" Akasema, "Besi gani kaka? Naona kelele tu za juu juu."

Hapo ndipo nilipokaa kitandani. Maana nilikumbuka. Yule dada siku ile alikuja na rasta nene zimemwagika mpaka mabegani, na miwani mikubwa ya macho. Vyote viwili.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya hedifoni kuna spika ndogo inayosukuma hewa iliyofungiwa kati yake na sikio lako. Sauti nyembamba zinafika hata pakiwa na upenyo. Besi ya chini inataka hewa ile isipate pa kutokea. Ni kama pampu ya baiskeli yenye tundu, unasukuma mpaka unachoka na tairi halijai. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na sauti za chini namna hiyo ndizo zinazoondoka kwanza mto ukinyanyuka na nywele au miwani. Kiasi kinachopotea kinategemea hedifoni zilivyoundwa, lakini kwa hizi nilizopewa, kinachopotea ni wimbo.

Na angalia tulichomfanyia. Alisema haisikii besi, sisi tukamwongezea sauti. Zile nyembamba zikapanda mpaka zikaumiza, besi bado ikabaki nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, ukifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4. Sisi tulimpandishia mpaka akasema anaumia, halafu tukamcheka.

Nikampigia. Hakupokea. Nikampigia kesho yake, hakupokea. Nikamwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: "Dada, siku ile ulikuwa sahihi. Naomba nije nikuonyeshe." Usiku akajibu: "Njoo."

Nikamwomba bosi ruhusa ya kutoka nazo, akakubali kwa kuguna. Nikachukua bajaji, begi nimelikumbatia kama mtoto mchanga, mpaka kwake Tabata. Nikamkuta na rasta zake, na miwani yake. Nikaweka hedifoni kwenye simu yangu, nikamvalisha, nikamuuliza kama anasikia besi. Akatikisa kichwa. Nikamwomba avue miwani, na rasta azirudishe zote nyuma ya masikio. Nikazikandamiza kidogo kwa mikono yangu.

Akanyamaza. Akafumba macho. Wimbo ukaisha, akavua taratibu, akanirudishia.

"Kumbe ilikuwepo."

"Ilikuwepo dada. Lakini na wewe ulikuwa hujakosea. Nisamehe, na ile status nisamehe."

Akacheka, ila siyo kicheko cha furaha. Akaniambia, "Mdogo wangu, ile hela niliyolipa ilikuwa ya mchezo. Zamu yangu niliisubiri miezi minane. Nilivyosoma ile status yako nikaona kweli, labda sina masikio ya muziki. Nikaacha kuimba mpaka mwaka ukaisha."

Sikuwa na jibu. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumlazimisha. Alichouliza ni kama wimbo wake bado upo. Nikamwambia upo.

Bosi aliporudi nikampa ripoti yangu: sauti tisa, raha sita, asiziuze, ila mtu yeyote akivaa aangalie kwanza mto umekaa sawa kwenye ngozi, na miksi aikague pia kwenye spika. Halafu nikamweleza ya yule dada. Akanyamaza kidogo akasema, "Mpe faili lake." Kuhusu hela akasema tutaongea. Hatujaongea bado, nami sijaacha kumkumbusha.

Faili ninalo. Usiku namiksia kwenye hedifoni zangu za bei ya kawaida, namtumia, yeye anakwenda kusikiliza kwenye gari la shemeji yake. Jana alinijibu: "Besi naisikia, ila punguza kidogo, inanimeza." Nikapunguza.

Kwa hiyo mdau, ukienda dukani kujaribu hizi za bei kali, nenda na miwani yako na nywele zako kama unavyoishi, kaa nazo nusu saa, usikubali dakika mbili za muuzaji. Na kama uko upande wa pili wa kioo, mtu akikuambia hasikii, anza kwa kumwangalia masikio kabla hujamcheka.

Umewahi kuambiwa hujui kusikiliza halafu ikaja kujulikana ulikuwa sahihi? Dondosha hapo chini, nazisoma zote.