Gitaa la Baba Mkwe

Mke wangu alininunia siku mbili nzima, kisa kopo la vanishi.

Songea mwezi wa saba baridi si mchezo. Nilitaka kumfanyia sapraizi: gitaa la marehemu baba yake, alilokuwa akipigia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe (yule wa Morogoro Jazz, aliyefariki 1979), nilipulizie rangi upya. Nikalipiga msasa, nikaziba mashimo kwa puti, nikapuliza jioni, uani kwetu Bombambili. Asubuhi nalikuta limepauka, utadhani limemwagiwa maziwa. Fundi wa gereji akacheka: ukipuliza kwenye baridi na umande, vanishi inanasa unyevu. Subiri jua la mchana, puliza kidogo kidogo, acha ikauke, ndipo urudie.

Kumbe bibie hakulilia weupe ule. “Alama ya mkono wa baba iko wapi?”

Jamani! Pale mzee alipoegemeza mkono miaka yote palikuwa pamelika hadi kwenye mbao. Mimi nikaona ubovu, nikaziba.

Jumapili saa sita tulikaa wote uani. Msasa alishika yeye, akisugua taratibu, akiitafuta mbao.