Kabla ya Kwenda Mtoni

Walimu wenzangu wa Kiswahili hapa Kampala waliponiaga mwaka jana, baada ya miaka 34 ya kushika chaki, hawakunipa saa ya ukutani kama ilivyo desturi. Walichanga fedha, wakazitia katika bahasha pamoja na kikaratasi chenye maneno mawili tu: “Nenda ukavue.” Kiasi chenyewe kilitosha watu wawili kulala siku mbili katika nyumba ya wageni iliyo kando ya mto wowote nitakaouchagua mimi. Walikuwa wakijua habari za ufito wangu, maana nimewachosha nazo kwa miaka mingi katika chumba cha walimu.

Ufito huo una kisa chake. Mwaka 1996 mwalimu mmoja Mskochi tuliyefundisha naye alikuwa akirejea kwao, na katika kugawa vitu vyake mimi nikaangukiwa na mfuko wa turubai. Ndani yake mlikuwa na vipande vitatu vya ufito vinavyoungana, gurudumu dogo la kuzungushia mshipi, na kikopo cha bati kilichojaa ndoana ndogo ndogo zilizofungiwa manyoya na uzi hata zikafanana na wadudu. Alinifundisha jioni moja tu, katika uwanja wa mpira wa shule, pasipo maji wala samaki, wanafunzi wakituchungulia madirishani na kuamini kwamba walimu wao wamerukwa na akili.

Ni vema nieleze jambo lenyewe, kwa kuwa wasomaji wengi hawajaliona. Mvuvi wetu wa kawaida hufunga chubwi karibu na ndoana, akarusha, na uzito wa ile chubwi ndio unaouvuta mshipi kwenda mbali. Katika uvuvi huu mambo yamepinduliwa. Mdudu wa manyoya hana uzito wa kutajika. Uzito umo katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Mvuvi hupeleka ufito nyuma na mbele, mshipi ukakunjuka hewani kama mjeledi wa mchunga ng’ombe, kisha ukamlaza yule mdudu juu ya maji taratibu, kana kwamba ameanguka kutoka mtini. Samaki hudanganyika, naye mvuvi, kwa kadiri nilivyoona, hudanganyika mara nyingi zaidi.

Waingereza huuita uvuvi huu kwa jina la nzi. Nami, kwa maradhi ya ualimu, sikuweza kufunga mzigo kabla sijaupatia jina kwa Kiswahili. Nikisema “uvuvi wa nzi” mtu atadhani nakwenda kuwavua nzi, kazi isiyohitaji safari kwa mtu akaaye karibu na soko. “Kuvulia nzi” ni afadhali, maana kauli ya kutendea huweza kubeba chombo. Lakini ulimi wangu haukuridhika. Niliandika majina kumi na moja katika daftari, nikayafuta yote.

Basi, twende wapi? Kwanza nilitamani Embu, nchini Kenya, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako kuna nyumba ya wageni iliyojengwa enzi za ukoloni na kupewa jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyetoa kitabu chake mashuhuri juu ya uvuvi wa ndoana mwaka 1653. Samaki wanaovuliwa katika mito ya huko ni trauti, nao si wenyeji. Mayai yao yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskochi, mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, wakatiwa katika mto Gura katika milima ya Aberdare, ili Wazungu wapate michezo waliyoizoea kwao. Wakafuata wengine wa aina nyingine kutoka Afrika Kusini. Lakini kutoka hapa mpaka Embu ni zaidi ya kilomita 700, na bahasha yangu ingekwisha njiani.

Nikafikiri Murchison. Huko Naili hujibana katika mwanya wa mita 7 hivi kabla ya kuanguka, na chini ya maporomoko wamo sangara wakubwa ambao ni wenyeji hasa wa maji yale. Hayo maporomoko ndiyo yaliyowazuia, tangu dahari, wasipande mpaka ziwa letu. Hapo pia, Januari mwaka 1954, ndege iliyomchukua mwandishi Ernest Hemingway ilianguka, akalala porini na mkewe. Na walipochukuliwa kwa meli hadi Butiaba, ndege ya pili nayo ikawaka moto ilipojaribu kuruka. Mvuvi hodari yule alitoka Uganda akiwa majeruhi. Kuvua katika mbuga huhitaji kibali cha shirika la wanyamapori, ambalo ofisi zake zipo Kamwokya, mwendo mfupi tu kutoka kwangu. Nilifika hadi langoni, nikarudi, kwa sababu nilikuwa sijajibu swali lililotangulia yote hayo: niende na nani?

Mama wa watoto wangu alilijibu bila kuinua macho kutoka katika mchele aliokuwa akiuchambua. “Mtu wa kwenda naye unamjua,” alisema.

Nilimjua. Kaka yangu mkubwa alivua katika ziwa Viktoria tangu ujana wake mpaka mwaka 2017. Nyumba yake aliijenga kwa sangara, yule samaki aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, akawala nkejje wetu hata aina nyingi zikatoweka, kisha akageuka kuwa minofu ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Kaka aliyaona yote. Aliona neema ya viwanda, akaona na njaa ya mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wetu kwa hofu ya sumu. Akiulizwa kama sangara ni baraka au laana hujibu kwamba wageni wote huwa hivyo: hula chakula chako, kisha hukulipia ada ya watoto.

Mwaka ule wa 2017 kanuni za uvuvi zilianza kusimamiwa kwa nguvu isiyokuwa na mfano. Mashua isiyotimiza futi 28 haikutakiwa tena ziwani. Ya kaka ilikuwa futi 21. Alikuja kwangu jioni moja, akaketi, akanywa chai, akaniomba nimkopeshe fedha za kuongezea apate mashua ndefu. Nikamwambia sina.

Sikusema kweli. Nilikuwa na nusu ya kiasi alichotaka benki, ada ya binti yangu ya muhula uliofuata, na ada hiyo ingeweza kungoja; niliwahi kuwangojesha bwana fedha wa chuo kabla ya hapo kwa mambo madogo kuliko hayo. Kaka alimaliza chai yake, akauliza hali za watoto, akaenda. Aliuza mashine kwa bei ya kutupa. Mashua ilipasuliwa ikawa kuni za kukaangia mukene. Tangu siku ile hushona nyavu za watu wengine pale Ggaba, na hajapata kulitaja jambo hilo hata mara moja. Ila hajakaa tena nyumbani kwangu mpaka kikombe cha pili.

Nilikwenda Ggaba siku ya Jumamosi, na mfuko wa turubai begani. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, wavu umemfunika miguu mpaka kiunoni. Nilieleza safari. Alisikiliza bila kuacha kushona. Nilipofika penye samaki kurudishwa majini baada ya kuvuliwa, kama wenye nyumba ile wanavyotaka, sindano ilisimama.

“Tulikuwa tukimrudisha mdogo ili akue,” alisema. “Huyu mkubwa mnamrudisha kwa kosa gani?”

Sikuwa na jibu, na sinalo hata leo. Nilimfungulia kikopo cha bati. Alichukua mdudu mmoja, wa manyoya ya kahawia, akamgeuzageuza kati ya vidole vyake vilivyokatwakatwa na nyuzi. “Hiki ni chambo cha uongo,” akasema.

Chambo cha uongo! Majina yangu kumi na moja yakafa papo hapo. Tulikuwa tukizungumza Kiganda, lugha ya mama yetu, lakini neno hilo alilisema kwa Kiswahili, kama afanyavyo kila anapotaja chombo, upepo au hatari. Hakukipata shuleni. Alikipata visiwani Kalangala, katika mashua zilizokuwa na Watanzania, Wakongo na watu wa kila kabila, ambamo asiyeelewa neno “vuta” aliweza kuwatia wote majini. Wazee wengi wa hapa Kampala hukisikia Kiswahili wakakumbuka askari wa miaka ya 1970 na vizuizi vya barabarani. Nasi walimu tumeshinda darasani tukipambana na kumbukumbu hiyo. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima mashuleni. Kaka yangu hakungoja Katiba. Nami, niliyekula mshahara wa Kiswahili maisha yangu yote, sikuwahi kumwalika hata siku moja aje kusema na wanafunzi wangu.

Nilimweleza kuwa nimeuacha mpango wa Embu na wa Murchison, sasa naelekeza macho Jinja, kilomita 80 tu kutoka hapa. Zamani palikuwa na maporomoko ya Ripon pale Naili inapotoka ziwani, ambayo yalizama bwawa la Owen lilipokamilika mwaka 1954; baadaye yakafuata bwawa la Bujagali mwaka 2012 na la Isimba mwaka 2019, kila moja likimeza maporomoko yake. Hata hivyo yule samaki aitwaye kisinja bado yupo, naye hupenda maji yaendayo kasi, na yasemekana huufuata mdudu. Nikamwambia na jambo nililolisoma: kwamba Speke alipofika Ripon Julai mwaka 1862 aliwakuta Waganda na Wasoga wamesimama juu ya miamba, mikononi wana fito na ndoana, na samaki kwa maelfu wakiruka kujaribu kupanda.

“Fito?” kaka akauliza. “Si nyavu?”

“Fito, Kaka.”

Aliutoa ufito wangu katika mfuko, akauunga vipande vyake bila kuonyeshwa, akautikisa mara moja ili kuusikia. “Basi huyu Mskochi wako alituletea chetu,” akasema.

Hapo ndipo tulipoanza kupanga hasa. Yeye alitaka giza la mwezi, kwa mazoea ya wavua mukene ambao huwasha taa usiku usio na mbalamwezi. Mimi nikamwambia kwamba sisi tutavua mchana. Alikubali kwa shingo upande. Tulikubaliana kuepuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu maji machafu humficha mdudu, tukachagua juma la mwisho la Juni. Kuhusu kupanda na kushuka kwa mto nilimweleza kwamba pale Jinja mvua si mtawala pekee, kwani wahandisi wa mabwawa hufungua na kufunga milango kwa haja ya umeme. Hilo lilimchukiza. Ziwani, alisema, ulikuwa ukijua unayegombana naye.

Nilitoa karatasi niliyoorodhesha gharama: nauli ya basi, chumba, chakula, mtu wa kutuongoza. Aliisoma yote, taratibu, kidole kikifuata mstari kwa mstari.

“Wewe, mdogo wangu, siku zote ulikuwa hodari wa hesabu,” akasema.

Nilitazama ziwa. Mashua ndefu ilikuwa ikiingia, imepakwa namba kubwa ubavuni, na vijana walikuwa wakiruka majini kuipokea. Nilikuwa nimeazimia kuyahifadhi maneno yangu mpaka tufike mtoni, tukae ukingoni asubuhi kabla jua halijawa kali, ndipo nimwambie ilivyokuwa hesabu ile ya mwaka 2017. Niliona kwamba pale ndipo mahali pake. Lakini sasa nilishuku kwamba alikuwa na karatasi ya hesabu hiyo kichwani mwake siku zote, na kwamba aliyehitaji mto, ukingo na asubuhi ni mimi peke yangu.

“Nauli yangu nitalipa mwenyewe,” aliendelea. “Chumba ni zawadi ya walimu, hiyo sikatai. Na mshipi wangu nakuja nao.” Akaingiza mkono chini ya kile kilima cha nyavu, akatoa kipande cha ubao kilichozungushiwa mshipi wa mkono, ndoana kubwa ya sangara ikiwa imechomekwa pembeni, haina kutu hata chembe. Mtu asiyevua tangu mwaka 2017 haweki ndoana yake katika hali hiyo bila sababu.

Kisha akauliza kama hiyo nyumba ya wageni ina mashua. Sikujua. Akanitaka nipige simu pale pale. Msichana wa mapokezi alijibu kwa adabu kwamba ipo, mashua ya kuwatembeza wageni, na bei yake imo katika bei ya chumba.

“Muulize ina futi ngapi,” kaka akasema.

Niliuliza. Msichana alishangaa, akaenda kumwuliza mtu, nasi tukangoja, simu ikiwa sikioni kwangu na sindano ikiwa mkononi kwake. Aliporudi alisema ni futi 16.

Nilimwambia. Alinyamaza, halafu akaanza kucheka. Akacheka hata wavu ukamtelemka magotini, na washonaji wengine wakageuka kutazama. Alipomaliza alifuta macho kwa kiwiko, akamwita kijana wa kibanda cha jirani atuletee chai. Aliagiza vikombe viwili, na kabla sijakimaliza changu akaagiza vingine viwili.