Usiku Mmoja Garsen: Miguu Isiyotulia



Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu huacha Gongoni na Marereni nyuma yake, na nchi hubadilika machoni pake. Minazi hupungua, vichaka vya miba hutanda, na ng'ombe wa Waorma huonekana kwa makundi. Afikapo Minjila, barabara moja huendelea kwenda Hola na Garissa, naye hukunja kuingia Garsen, mji wa delta ya Mto Tana. Mto huu, ulio mrefu kuliko yote ya Kenya, hupata maji yake Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na humalizikia Kipini, katika Bahari ya Hindi. Kando yake Wapokomo hulima mpunga, migomba na miembe, na wafugaji huleta mifugo yao majini ukame unapozidi.

Nilikwenda huko kwa mwaliko wa nikaha. Jua lilipoanza kushuka, nami ningali nimebanwa kitini ndani ya basi, miguu yangu ikaanza mambo yake. Si maumivu hasa. Ni kama sisimizi watambaao ndani ya mifupa, na hakuna kinachowatuliza ila kuinyoosha miguu au kusimama na kutembea. Mara tatu nilisimama basi likienda, na kijana aliyekaa karibu nami akaniuliza kwa adabu, "Sheikh, umepoteza kitu?"

Ugonjwa huu una historia. Mwaka 1672 tabibu Mwingereza, Thomas Willis, aliandika habari zake, na mwaka 1945 daktari wa Uswidi, Karl-Axel Ekbom, akaueleza kwa ukamilifu. Huzidi jioni na usiku, mtu anapopumzika. Mimi ulininyima usingizi kwa muda wa mwaka mzima, hata nikawa nasinzia darsani mbele ya wanafunzi wangu.

Kabla ya safari hii nilikuwa nimejaribu akupancha, yaani tiba ya Kichina ya sindano. Sikuona ugeni mkubwa ndani yake, kwani sisi watu wa pwani tumezoea hijama na kupigwa chuku. Tabibu, katika mji mmoja wa pwani, alifungua sindano mpya mbele yangu, nyembamba kama unywele, akazichoma kwenye mashavu ya miguu na karibu na magoti, akaniacha nimelala nusu saa. Usiku ule nililala. Wa pili pia nililala. Wa tano, sisimizi wakarudi. Nilikwenda mara sita, na kila mara nafuu ilikuwa ya siku chache. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Cochrane, walipozipima tafiti za tiba hii kwa ugonjwa huu mwaka 2008, waliona ushahidi hautoshi kusema kuwa inafaa au haifai. Siilaumu sindano, kwani ilinipumzisha. Lakini haikuniuliza kwa nini naumwa.

Aliyeuliza ni daktari aliyenipima damu. Akiba yangu ya madini ya chuma ilikuwa chini, na upungufu huo ni miongoni mwa sababu zijulikanazo za ugonjwa huu. Akauliza tena, mwanamume wa umri wangu anapotezea wapi damu? Kumbe vidonge vya maumivu ya mgongo nilivyovimeza kwa miezi mingi vilikuwa vimenitia vidonda vya tumbo. Akanipa tiba ya vidonda na vidonge vya chuma, akanikataza kahawa ya baada ya Isha, na chai pamoja na chakula, kwani chai huzuia mwili kupokea chuma. Alinionya pia kuwa chuma hakimezwi ovyo bila kupimwa, kwani kikizidi hudhuru.

Nilifika Garsen nikiwa katikati ya tiba hiyo, sijapona. Usiku wa manane nikawa natembea uani kwa mwenyeji wangu, huku na huku, mbu wakinifuata. Ni ajabu kukosa usingizi katika nchi ya Wapokomo, maana sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na wimbo wao wa kubembelezea watoto walale.

Mzee akatoka na tochi. "Maalim, kunani?"

"Ni miguu, mzee wangu. Haitaki kutulia."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mkaza mwanangu naye hutembea hivyo hivyo kila usiku. Ana mimba ya miezi saba. Watu wasema ni pepo. Twangoja kukuche umwandikie kombe."

Nduguzanguni, maneno yale yalinichoma kuliko sindano zote. Kwa miaka mingi nimeletewa watu wenye malalamiko kama hayo, wengi wao wanawake waja wazito. Niliwasomea, nikawaombea, nikawarudisha makwao. Hata mmoja sikumuuliza habari ya damu yake. Mimba huvuta chuma kingi mwilini, na miguu isiyotulia ni jambo la kawaida kwa waja wazito. Aghalabu huondoka baada ya kujifungua.

Asubuhi nilimsomea dua yule binti, kisha nikamwambia mumewe mbele ya mzee, "Sasa mpeleke kliniki, na useme habari ya miguu. Usione haya." Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, na dua haimzuii mtu kwenda kupimwa.

Wiki mbili baadaye mzee alinipigia simu. Damu ya binti ilikuwa imepungua, na amepewa vidonge. Hajalala vizuri bado, lakini haogopi tena kuwa amepagawa, na mumewe huamka kutembea naye uani.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na atusamehe sisi tuliotangulia kujibu kabla ya kuuliza. Amin.